Kimani Maruge: Mzee wa miaka 84 aliyeingia darasa la kwanza na funzo lake kwa Kisii na Nyamira

KATIKA vituo vya kununulia majani chai vya Kisii na Nyamira, mkulima hufika na mzigo wake, majani hupimwa kwenye mizani, naye hukabidhiwa risiti inayoonyesha uzito wa alichokileta. Kwa aliyesoma, karatasi hiyo ni hesabu ya jasho lake. Kwa asiyejua kusoma ni karatasi tu, hadi apatikane mtoto au jirani wa kumsomea.

Baina ya wawili hao tofauti si akili wala bidii, kwani huenda asiyesoma ndiye aliyechuma kilo nyingi zaidi. Tofauti ni kuwa mmoja hujionea mambo yake mwenyewe, ilhali mwenzake huishi kwa macho ya kuazima.

Kuchoshwa na macho ya kuazima ndiko kulikomfanya mkongwe mmoja wa Eldoret avae kaptura na soksi ndefu, akaketi kwenye dawati pamoja na watoto wa miaka sita mnamo Januari 12, 2004. Jina lake lilikuwa Kimani Ng'ang'a Maruge, na umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 84. Siku hiyo aliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kama mtu mwenye umri mkubwa zaidi duniani kuanza shule ya msingi.

Maruge hakuwa Mgusii na hakuishi Gusii. Hata hivyo, aliyoyapitia, kuanzia kunyimwa elimu utotoni hadi kufurushwa kwake katika Bonde la Ufa mwaka wa 2008, ni mambo ambayo familia nyingi za Kisii na Nyamira zinayafahamu kwa uchungu. Ndiyo sababu maisha yake yanafaa kusimuliwa katika maeneo hayo ambako elimu huheshimiwa mno, lakini mara nyingi huchukuliwa kuwa shughuli ya vijana pekee.

Mtoto wa koloni

Kama wengi wa rika lake, Maruge hakuwa na cheti cha kuthibitisha siku aliyozaliwa. Ilikadiriwa kuwa alizaliwa mwaka wa 1920, mwaka ule ule ambao himaya ya Waingereza ilibadilishwa jina rasmi na kuitwa Koloni ya Kenya. Alikuwa wa jamii ya Wakikuyu.

Enzi hizo shule zilikuwa chache, nyingi zikiendeshwa na wamishonari, na mtoto wa Mwafrika alihitaji bahati ili kufika huko. Hali ilikuwa vivyo hivyo Gusii. Wamishonari Wakatoliki walikuwa wamefungua kituo chao Nyabururu mwaka wa 1911, na Waadventista wakafuata Nyanchwa muda mfupi baadaye, lakini kwa miaka mingi watoto waliobahatika kushika kalamu walikuwa wachache mno wakilinganishwa na waliobaki wakichunga mifugo na kulima.

Maruge alikuwa miongoni mwa waliobaki. Alikua, akawa kijana, kisha mtu mzima, bila kujua kuandika jina lake.

Mnamo Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kufuatia vita vya Mau Mau. Maruge, wakati huo akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, alijiunga na wapiganaji hao waliodai ardhi na uhuru.

Uhuru ulipatikana Desemba 12, 1963, lakini haukuja na manufaa sawa kwa wote. Wakati wa hali ya hatari, mashamba katika Mkoa wa Kati yalikuwa yamepimwa na kuandikishwa upya, na wengi waliokuwa msituni au vizuizini walirejea na kukuta ardhi ikimilikiwa na wengine kwa hati. Katika Kenya mpya, kalamu ilikuwa na nguvu kuliko panga, na aliyejua kusoma ndiye aliyejua lililoandikwa kwenye karatasi ya chifu, ya korti na ya benki.

Maruge aliendelea na maisha ya kawaida ya mwananchi wa tabaka la chini. Alioa, akapata watoto, akawa na wajukuu 30 na hata vitukuu. Mkewe alimtangulia mbele ya haki. Wakati wote huo hakukanyaga darasani.

Ni kweli kwamba nafasi zilijitokeza. Mwaka wa 1966, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda bodi ya elimu ya watu wazima. Mwaka wa 1974 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliondoa karo kwa madarasa manne ya kwanza ya shule ya msingi. Mwaka wa 1979 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilianzisha kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma, na masomo ya ngumbaru yakaenea kote nchini, Gusii ikiwemo. Akina mama walikutana alasiri makanisani na chini ya miti, baada ya kazi za shamba, wakafunzwa herufi na hesabu.

Kampeni hiyo iliwafaa wengi, ila haikuwafikia wote. Miongoni mwa ambao haikuwafikia ni mzee huyu.

Mlango wafunguka

Uchaguzi mkuu wa Desemba 27, 2002 ulimwingiza Mwai Kibaki Ikulu, na mojawapo ya ahadi alizotimiza mapema ni elimu ya bure katika shule za msingi za umma, kuanzia Januari 2003. Idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka wa 2002 hadi takriban milioni 7.2 mwaka uliofuata. Madarasa yalifurika, madawati yakakosekana, na walimu wakajikuta wakifunza watoto waliobanana hata sakafuni.

Mpango huo ulikuwa umewalenga watoto. Waliotarajiwa kunufaika ni wale waliokuwa wamefukuzwa kwa kukosa karo, pamoja na vijana waliopitisha umri wakichunga mifugo au kufanya vibarua. Hakuna aliyewazia kwamba babu wa wajukuu 30 angeisikia ahadi hiyo na kuamini kuwa inamhusu yeye pia.

Maruge aliamini hivyo, naye alikuwa na sababu mbili.

Ya kwanza ilikuwa Biblia. Kwa miaka mingi alikuwa amesikiliza mahubiri, naye alitaka kujisomea Maandiko ili ajue kama anayoelezwa na wahubiri ndiyo yaliyoandikwa. Ya pili ilikuwa pesa. Mwaka wa 2003 serikali iliondoa marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, na wapiganaji wa zamani wakaanza kuzungumzia fidia. Maruge alitaka kujua kuhesabu, ili fedha hizo zikija, asipunjwe.

Sababu hizo mbili, ukizitazama vyema, ni moja. Hakutafuta cheti, cheo wala ajira. Alitaka kuacha kumtegemea mtu mwingine amwambie kilichoandikwa.

Babu katika sare

Shule aliyoiendea ni Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, ambako wawili wa wajukuu wake walikuwa wakisoma. Mwalimu mkuu alikuwa Bi Jane Obinchu.

Si vigumu kuelewa kwa nini ombi kama hilo lingechukuliwa kuwa mzaha. Shule yoyote ya umma wakati huo ilikuwa imelemewa na watoto. Dawati alilokalia mzee lingeweza kukaliwa na mtoto, na ilikuwapo idara nzima ya serikali iliyoundwa kuwashughulikia watu wazima. Kumwelekeza huko kungekuwa jambo rahisi, na wala kusingekuwa kinyume cha taratibu.

Lakini mzee hakuwa na mzaha. Alivaa sare kama mwanafunzi mwingine yeyote: kaptura, soksi zilizopandishwa hadi magotini na sweta. Bi Obinchu aliridhika kwamba mtu huyu alikuwa na nia ya dhati, akamwandikisha.

Uamuzi huo wa mwalimu mkuu haufai kusahauliwa wakati Maruge anaposifiwa. Mzee peke yake, hata angekuwa na kiu kiasi gani, hangesoma pasipo mtu wa kumfungulia mlango. Kila anayerejea darasani ukubwani humhitaji mtu wa namna hiyo, awe mwalimu, mwajiri, mume au mke, ambaye badala ya kucheka humwonyesha pa kukaa.

Katika mila nyingi za Kiafrika, Gusii ikiwemo, mzee ndiye mwalimu. Yeye ndiye huketi kwenye kiti, na mtoto ndiye husimama na kusikiliza. Maruge aliipindua ada hiyo hadharani. Alikubali kusahihishwa na mwalimu ambaye umri wake ulitosha kuwa bintiye au mjukuu wake, na kukosea hesabu mbele ya watoto ambao umri wao ulikuwa chini ya kumi moja ya umri wake. Mtihani mgumu zaidi aliofanya haukuwa wa Kiswahili wala Hisabati, bali ule wa kuishinda aibu, na aliupita siku ile ya kwanza alipovuka lango la shule amevalia kaptura.

Alisoma kwa bidii. Alikuwa mwanafunzi wa kuigwa kiasi kwamba mwaka wa 2005 alichaguliwa kiranja mkuu wa shule.

Kutoka Eldoret hadi New York

Habari zake zilisambaa haraka. Waandishi wa habari kutoka pembe mbalimbali za dunia walifunga safari hadi Kapkenduiywo kumpiga picha mzee mwenye mvi akiwa ameinama juu ya daftari katikati ya watoto.

Mnamo Septemba 2005, kwa mara ya kwanza maishani, Maruge alipanda ndege. Safari hiyo ilimpeleka New York, Marekani, ambako viongozi wa dunia walikuwa wakikutana katika Umoja wa Mataifa kutathmini Malengo ya Maendeleo ya Milenia. Mojawapo ya malengo hayo lilikuwa kuhakikisha kwamba kufikia mwaka wa 2015 kila mtoto ulimwenguni angemaliza shule ya msingi. Maruge alikwenda kutetea elimu ya msingi isiyolipiwa.

Wapo wataalamu wengi ambao wangeweza kuwasilisha takwimu za watoto walio nje ya shule. Maruge alikuwa na jambo ambalo takwimu hazina. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto aliyekosa shule, ila sasa alikuwa amezeeka. Kumtazama kulikuwa sawa na kuona gharama ya elimu iliyocheleweshwa kwa miaka themanini.

Aliporejea nyumbani hakugeuka kuwa mtu wa majukwaa. Alirudi darasani.

Moto wa 2008

Uchaguzi wa Desemba 27, 2007 ulizua ghasia ambazo Kenya haikuwa imewahi kuzishuhudia tangu uhuru. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakatoroka makwao. Eldoret na viunga vyake vilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya zaidi.

Maruge aliporwa mali yake, akawa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe, akilala ndani ya hema kambini.

Hapa ndipo njia yake inapokutana na ya watu wa Kisii na Nyamira. Maelfu ya Abagusii waliokuwa wameishi na kufanya kazi Bonde la Ufa walifurushwa wakati huo huo, wengine wakirejea Gusii mikono mitupu. Kwenye mpaka wa Borabu na Sotik kulizuka mapigano, nyumba zikateketezwa na masomo yakatatizika. Watoto wengi walipoteza sare, vitabu na walimu, na baadhi yao hawakurudi darasani tena. Watu wazima waliokuwa na biashara walianza upya kutoka sufuri katika mashamba madogo ya wazazi wao.

Maruge alikuwa na kila kisingizio cha kuacha shule, na kwa kweli aliwazia kuacha. Alikuwa na takriban miaka 88, hana nyumba, na kambi aliyoishi ilikuwa umbali wa kilomita nne kutoka shuleni. Badala yake aliendelea kuhudhuria masomo kutoka kambini kila siku.

Ni rahisi kumsifu mtu aendaye shule wakati kamera zimemzunguka. Kilomita hizo nne kutoka hemani, katika mji uliokuwa bado unanuka moshi, ndizo zinazoonyesha kwamba elimu kwake haikuwa maonyesho. Wezi walikuwa wamebeba kila kitu ila kile alichokuwa nacho kichwani.

Siku za mwisho Nairobi

Mnamo Juni 2008, Maruge aliondoka Eldoret na kuhamia Nairobi, ambako aliishi katika makao ya wazee. Siku chache tu baada ya kuwasili, Juni 10, alijiandikisha katika darasa la sita la Shule ya Msingi ya Marura, eneo la Kariobangi. Kwa mara nyingine alikuwa mwanafunzi mgeni, katika shule mpya, mbele ya watoto wasiomfahamu.

Mnamo Mei 24, 2009, alibatizwa katika Kanisa Katoliki la Holy Trinity, Kariobangi, akapewa jina Stephen. Yule aliyeingia shule ili ajisomee Biblia alikuwa sasa amechukua hatua ya imani baada ya kuyasoma maandishi, si kwa kuyasikia tu.

Wakati huo alikuwa tayari anaugua saratani ya tumbo. Alifariki Agosti 14, 2009, jijini Nairobi, akiwa na takriban miaka 89, na akazikwa katika shamba lake huko Subukia. Hakuwahi kufanya mtihani wa darasa la nane, wala hakupata cheti chochote cha kitaifa.

Mwaka uliofuata, 2010, filamu kuhusu maisha yake, The First Grader, ilitolewa chini ya uelekezi wa Justin Chadwick. Mwigizaji na mwanahabari mkongwe wa Kenya, Oliver Litondo, aliigiza kama Maruge, naye Naomie Harris wa Uingereza akaigiza kama Bi Obinchu.

Mnamo Juni 2013, miaka karibu minne baada ya kifo chake, serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kuhusu mateso ya enzi za hali ya hatari na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya waathiriwa 5,228. Fedha ambazo Maruge alijifunza hesabu kwa ajili yake zilifika yeye akiwa kaburini.

Je, basi alipoteza wakati wake bure? Hesabu ya faida na hasara ingesema ndiyo: miaka mitano darasani, hakuna cheti, hakuna kazi, hakuna fidia. Lakini hesabu hiyo hukosea pale inapodhani kwamba elimu ni tikiti tu ya kumfikisha mtu mahali pengine. Kwa Maruge, kusoma kwenyewe ndiko kulikuwa mahali alikotaka kufika. Siku aliyoweza kufungua ukurasa na kuelewa bila kuuliza mtu, alikuwa tayari amelipwa.

Funzo kwa Kisii na Nyamira

Gusii si mgeni wa watu waliosoma wakiwa wameshaanza kazi. Lawrence Sagini alikuwa mwalimu kabla ya kwenda kuendeleza masomo yake katika chuo cha Allegheny, Marekani, na mwaka wa 1962 akateuliwa Waziri wa Elimu katika serikali ya mseto iliyotangulia uhuru. Simeon Nyachae, aliyefariki 2021, alikuwa mwajiriwa wa serikali ya kikoloni kabla ya kusomea utawala Uingereza, na hatimaye akapanda hadi kilele cha utumishi wa umma na kuwa waziri.

Hao, hata hivyo, walikuwa na msingi tangu utotoni. Waliongeza ghorofa juu ya nyumba iliyokuwa imesimama. Maruge alianza na mtaro wa msingi wakati wenzake wa rika lake walikuwa wakigawa urithi. Kwa mkulima wa Nyamache au mchonga mawe wa Tabaka ambaye hakufika darasa la tatu, mfano wa mzee huyu uko karibu zaidi kuliko ule wa waziri.

Na haja ingalipo. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2007, Maruge akiwa bado darasani, ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima nchini, yaani takriban milioni 7.8, hawakuwa na kiwango cha chini cha kujua kusoma na kuandika. Miaka mingi imepita tangu utafiti huo, na kizazi cha elimu ya bure kimekua, lakini maisha nayo yamezidi kudai kalamu.

Katika Gusii, ambako mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande vidogo, hatima ya familia hukaa kwenye karatasi: hati miliki, fomu za urithi, mkataba wa mkopo, taarifa ya bonasi ya majani chai. Mjane anayetia kidole gumba chini ya maandishi asiyoyaelewa huenda anaaga shamba lake pasipo kujua. Siku hizi hata pesa zenyewe huja kwa simu, zikiambatana na ujumbe, na asiyesoma hulazimika kumkabidhi mwingine simu yake pamoja na siri yake.

Wala haja hiyo si ya wazee pekee. Yupo msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito, na sasa ni mama wa watoto watatu anayedhani wakati wake umepita. Yupo mhudumu wa bodaboda aliyeishia darasa la saba. Yupo pia mwalimu, karani au muuguzi mwenye cheti chake ukutani, ambaye tangu ahitimu hajafungua kitabu kingine, na ambaye mambo mapya ya kazi yake yanampita kama gari lisilosimama. Huyu wa mwisho hajioni kuwa anamhitaji Maruge, ilhali huenda ndiye anayemhitaji zaidi.

Kisheria, mlango u wazi kuliko ulivyokuwa 2004. Kifungu cha 43 cha Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 kinampa kila mtu haki ya elimu bila kutaja ukomo wa umri, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatambua elimu ya watu wazima. Kilichosalia ni haki hiyo kuonekana vijijini: madarasa ya ngumbaru yenye walimu wanaolipwa, vitabu vinavyozungumzia mambo ya watu wazima, na saa zinazomfaa mtu ambaye asubuhi yuko shambani. Mzee kulazimika kukaa kwenye dawati la mtoto ni jambo la kusisimua likitokea mara moja, lakini nchi iliyojipanga haifai kumngoja kila mzee awe shujaa ndipo ajifunze kusoma.

Kwa upande wake, jamii ina deni la kuacha kucheka. Ngumbaru ni neno ambalo limegeuzwa kuwa la dhihaka katika midomo ya vijana, kana kwamba ni aibu kujifunza, na si aibu kukataa kujifunza. Babu anayeomba aonyeshwa herufi na mjukuu wake hajishushi hadhi. Anamfundisha mjukuu huyo kwamba shule si adhabu ya utotoni inayokwisha siku ya mtihani wa mwisho.

Wahenga walisema elimu haina mwisho, nao watu hupenda kuirudia methali hiyo kwenye sherehe za kufuzu, pale ambapo kila mmoja anahisi amefika mwisho. Maruge hakuhitaji kuisema. Aliiishi kwa miaka mitano, kutoka Kapkenduiywo hadi kambini na kutoka kambini hadi Marura, akasimama tu alipozuiwa na kifo.

Na iwapo leo mama mmoja wa Nyamira, aliyejifunza herufi baada ya watoto wake kuhama nyumbani, atapokea risiti yake kituoni, aivute karibu na macho, asome kilo zake mwenyewe, kisha aikunje na kuitia kibindoni bila kumwita mtu, mzee yule wa Subukia atakuwa na mwanafunzi mwenzake.